Sura ya Nne: Mtoto Aliyetumwa Dukani

Mbona mtu akifika dukani hutaja jina lile lile, mwaka nenda mwaka rudi, ilhali pembeni yake kuna bidhaa nyingine, nzuri na ya bei nafuu? Swali hili nimeulizwa na mama anayetengeneza sabuni ya maji nyumbani kwake na kuitembeza mlango kwa mlango. Nimeulizwa pia na baba wa familia aliyechoka kulipia mafuta ya kupikia ya bei ya juu. Mama anatafuta njia ya kuingia, baba anatafuta njia ya kutoka, na mlango ni mmoja.

Kabla ya kulijibu, simama dakika kumi kwenye duka la mtaani Dar es Salaam, kwa Mangi kama wenyewe wanavyosema. (Mangi kilikuwa cheo cha watawala wa Wachaga, siku hizi muuza duka yeyote amekirithi, awe Mchaga au asiwe.) Usinunue kitu. Sikiliza tu.

"Mangi, nipatie Colgate."

"Ipi?"

"Whitedent."

Hakuna anayecheka, wala Mangi haoni ajabu. Whitedent ni dawa ya meno inayotengenezwa hapa hapa Tanzania. Colgate ni mshindani wake mwenye asili ya Marekani. Mteja ametaja jina la mmoja na pesa kampa mwingine. Mdomo wake umekumbuka kitu kimoja, mkono wake umekumbuka kingine, na vyote viwili alifundishwa na mtu. Nani alimfundisha, na lini?

Shule isiyo na ubao

Wengi wetu tulianza masomo ya ununuzi kabla hatujajua kusoma. Mwalimu alikuwa mama, bibi au shangazi, na somo lilianza kwa neno moja: "Njoo nikutume."

Nilikulia Tanga. Bibi akinituma, nilishika pesa kwenye ngumi na kwenda njia nzima nikiimba: sukari robo, chumvi, kiberiti, sukari robo, chumvi, kiberiti. Nikikutana na mtu mzima ilinibidi nikatize wimbo nimpe shikamoo, na mara nyingi marahaba ya watu ilinipotezea kiberiti. Wataalamu wa akili wana jina la mahali nilipokuwa nimeweka ule wimbo. Wanapaita kumbukumbu ya muda mfupi, yaani sehemu ya akili inayoshika mambo machache kwa sekunde chache, na ambayo usipoyarudiarudia yanadondoka. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika kwamba uwezo wake ni kama vitu saba, kwa kuongeza au kupunguza viwili. Bibi hakumjua Miller, lakini hakunituma zaidi ya vitu vinne bila kunipa kikaratasi.

Siku moja nilirudi na majani ya chai ya pakiti nyingine. Yale ya kawaida yalikuwa yamekwisha na mwenye duka akanipa mengine, bei ile ile. Bibi aliitazama pakiti upande mmoja, akaigeuza upande wa pili, akanirudishia bila kuifungua. "Rudisha." Hakueleza kasoro yake. Jua lilikuwa la saa saba na duka lilikuwa mbali.

Hilo ndilo lililokuwa somo zima. Miaka mingi baadaye nilipopanga chumba changu cha kwanza, nilinunua majani yale yale ya Bibi, na nikaendelea kuyanunua kwa muda mrefu nikiamini kwamba ninayapenda kuliko mengine. Yale mengine sikuwahi kuyaonja.

Wataalamu wanapotumia neno kujifunza hawana maana ya darasa. Wana maana ya badiliko la tabia linalodumu, lililoletwa na mambo yaliyompata mtu. Kwa maana hiyo nilijifunza kweli kweli: mwendo wa jua kali ulinifundisha chapa. Chapa ni jina, rangi na alama zinazotofautisha bidhaa ya huyu na ya yule. Ukiona maharusi wakigombana wiki ya pili ya ndoa kuhusu majani ya chai, usidhani wanagombania ladha. Ni bibi wawili wanaobishana, na huenda wote wawili ni marehemu.

Sauti ya vikombe

Mwalimu wa pili hakututuma popote. Alipita mtaani jioni, amebeba birika lake juu ya makaa, na mkono mmoja ukigonganisha vikombe vidogo vya kahawa. Anayeijua Ng'ambo ya Unguja, Mji wa Kale wa Mombasa au barabara za Tanga anaijua sauti hiyo. Ikisikika, barazani watu hujisogeza na mtu huanza kupapasa mfuko wa shati. Muuza kahawa hajasema kitu.

Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake kuhusu umeng'enyaji wa chakula. Alikuwa akipima mate ya mbwa. Kilichomsumbua ni kwamba mbwa walianza kutoa mate kabla chakula hakijafika, waliposikia tu nyayo za mtu anayewalisha. Akaligeuza sumbuko hilo kuwa utafiti. Aliwapa mbwa sauti, kisha chakula. Sauti, kisha chakula. Mwishowe sauti peke yake ikatosha kuwajaza mate. Kujifunza kwa namna hii ni kwa kuunganisha: kitu kisicho na maana kinaambatanishwa na kitu chenye maana hadi kinachukua nguvu zake.

Mitaa yetu ilikuwa maabara ya namna hiyo bila koti jeupe:

- muuza karanga na sigara anayechezesha sarafu kiganjani;
- fundi viatu anayegonga brashi kwenye kiboksi chake;
- kijana wa kupaka rangi za kucha anayegonganisha vichupa;
- muuza aiskrimu na muziki wa baiskeli yake, ambao mtoto huusikia kutoka mtaa wa tatu hata kama hakusikia alipoitwa kuoga.

Mashirika makubwa yanafanya hayo hayo kwa gharama kubwa zaidi: wimbo mfupi wa redioni, mlio wa simu, rangi moja inayopakwa kwenye kila kibanda kuanzia mjini hadi mwisho wa lami.

Wanaotunga matangazo husahau nusu ya pili ya habari ya Pavlov. Sauti ikilia mara nyingi bila chakula kufuata, mate hukauka. Muuza kahawa angepita siku kumi akigonganisha vikombe na birika likiwa tupu, siku ya kumi na moja asingejisogeza mtu barazani. Tangazo linaloahidi kisichokuwemo ndani ya pakiti linamfundisha mteja vizuri tu, ila linamfundisha kutogeuka.

Kwa ufupi, mpaka hapa tuna njia mbili za kujifunza. Ya kwanza ni malipo na adhabu ya kitendo: rudisha, au umefanya vizuri. Ya pili ni kuunganisha kitu na kitu. Zote mbili hufanya kazi bila mwanafunzi kujua kwamba yuko darasani.

Kipakiti kilivyolishinda kopo

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri maelfu ya silabi zisizo na maana, kisha akapima amesahau kiasi gani. Baada ya saa moja faida ya kukariri ilikuwa imebaki asilimia 44. Baada ya siku moja, asilimia 34. Baada ya siku 31, bado asilimia 21. Maana yake, kusahau hukimbia mwanzoni kisha hutembea. Kitakachovuka siku ya kwanza kina nafasi ya kukaa.

Jambo la pili aliloliona lina thamani kubwa zaidi kwa mfanyabiashara. Kurudia mara 38 kulikogawanywa katika siku tatu kulimpa matokeo sawa na kurudia mara 68 ndani ya siku moja. Kidogo kidogo, kwa nafasi, hushinda kingi kwa mkupuo.

Sasa rudi dukani. Kwa miaka mingi mwenye kipato kidogo alinunua vitu vya kupima: mafuta ya kupima, sukari ya kupima, unga wa kupima. Mafuta ya kupima hayana jina. Yanatoka kwenye ndoo yanaingia kwenye chupa uliyokuja nayo. Kisha vikaja vipakiti: sabuni ya unga ya kufulia mara moja, majani ya chai ya birika moja, viungo vya mchuzi wa leo. Wakenya wakauita uchumi wa kadogo.

Wengi husema vipakiti vilishinda kwa sababu watu hawana pesa ya kununua kingi. Ni kweli, lakini hilo halielezi kwa nini jina lilishika. Fanya hesabu. Familia inayonunua kopo mara moja kwa mwezi hulitaja jina la bidhaa mara 12 kwa mwaka. Familia inayonunua kipakiti kila jioni hulitaja mara 365, kwa sauti, kwa nafasi ya siku moja moja, kama vile Ebbinghaus mwenyewe ndiye aliyewapangia ratiba. Na anayelitaja mara nyingi ni mtoto aliyetumwa. Mwenye kiwanda amepata shule ya kumkaririsha mtoto jina la bidhaa yake, na karo analipa mzazi, tena mara nyingi kwa bei ya juu kwa kila gramu kuliko jirani mwenye kopo. Sina hakika kama nimsifu aliyebuni mpango huu au nimkemee.

Kizibo

Sehemu hii ni fupi kwa sababu kila mtu ameshaiishi. Kuna misimu ambapo kampuni za soda huficha zawadi chini ya vizibo. Unabandua, unakwangua, hakuna kitu. Unakunywa nyingine. B. F. Skinner wa Marekani aliwafanyia njiwa jambo kama hilo: waliodonoa kitufe na kupata punje mara kwa mara bila mpangilio unaotabirika waliendelea kudonoa kwa muda mrefu hata punje zilipokoma. Njiwa waliozoea kulipwa kila wanapodonoa walikata tamaa mapema. Malipo ya bahati hufundisha ukaidi. Soda ni mfano wa kuchekesha. Mashine za kamari za sarafu zilizotawanyika mitaani ni mfano usiochekesha.

Mara moja yatosha

Kanuni ya marudio ina kighairi kimoja, nacho kinapita tumboni. Nikiwa darasa la tano nilikunywa maziwa ya pakiti ya chapa ambayo sitaitaja, na usiku ule nilitapika mpaka nyongo. Inawezekana kabisa kosa lilikuwa la samaki niliokula mchana. Haijalishi. Hadi leo nikiiona pakiti ile, hata kwenye picha, koo linakaza.

Mmarekani John Garcia na wenzake, katika miaka ya 1950, waliona jambo hili kwa panya. Panya waliokunywa maji matamu kisha wakaugua kwa sababu ya mionzi waliyakataa maji matamu baadaye, ingawa hayakuwa na kosa. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba mara moja inaweza kutosha, hata kama ugonjwa umekuja saa kadhaa baada ya kunywa. Wataalamu wengi wa wakati ule hawakuamini, kwa kuwa walikuwa wamezoea kwamba kujifunza kunataka marudio na kunataka tukio na matokeo yafuatane papo hapo.

Kwa yule mama wa sabuni hili si tishio kubwa, sabuni hainywewi. Kwa anayeuza juisi, mtindi au vitumbua, ndiyo hoja ya kwanza na ya mwisho ya usafi. Matangazo ya mwaka mzima yanaweza kufutwa na mchana mmoja wa jokofu lililozimika kwa umeme kukatika, na mteja aliyeugua hatakuja kulalamika ili umweleze. Atapita upande wa pili wa barabara.

Majina manne kwa miaka kumi

Akili ikishajifunza jina hailiachii kwa urahisi. Waulize Wakenya waliokuwa na simu mwaka 2000. Mtandao ulioingia kwa jina la Kencell uligeuka Celtel mwaka 2004, ukawa Zain mwaka 2008, ukawa Airtel mwaka 2010. Kila badiliko lilikuja na rangi mpya, mabango mapya na fulana mpya. Mshindani wake, Safaricom, katika miaka hiyo yote alikuwa na jina moja, na mwaka 2007 akaliongezea M-Pesa. Sisemi Safaricom ilitangulia kwa sababu ya jina. Huduma ya kutuma pesa ilikuwa na uzito wake mkubwa. Ninachosema ni kwamba mmoja alikuwa akijenga ghorofa juu ya ghorofa, na mwingine kila baada ya miaka michache alirudi kuchimba msingi.

Tanzania tunalo letu. Mwishoni mwa mwaka 2024 Tigo iliitwa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Pita sokoni leo usikie watu wanavyoambiana: "Nitumie kwenye Tigo." Kumbukumbu ya muda mrefu, ile inayohifadhi mambo kwa miaka, haisomi mabango.

Kinyume cha hayo kipo kwenye pindo la kanga. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza Mombasa mwaka 1887, na alama yake, K.H.E. Mali ya Abdulla, imekuwa ikisomwa na wanawake wa pwani kizazi baada ya kizazi. Misemo ya katikati inabadilika, michoro inabadilika, rangi zinabadilika kila msimu. Maneno yale madogo ya pembeni hayabadiliki. Nimewahi kumwona shangazi yangu akichagua kanga gizani umeme umekatika, kwa kulikunjua pindo na kulielekeza kwenye mwanga wa simu asome herufi hizo tatu kwanza.

Hata hivyo jina linaweza kushinda kupita kiasi. Ndipo tunaporudi kwa Colgate ya Whitedent. Jina la bidhaa likikolea mno hugeuka jina la aina nzima: pampasi ni nepi yoyote ya kutupa, bajaji ni pikipiki yoyote ya magurudumu matatu hata kama kiwanda chake ni TVS. Mwenye jina anaweza kujivuna kwamba ameingia kwenye lugha. Lakini anayesema "Nimepanda bajaji" hajakumbuka kampuni ya India yenye jina hilo. Amekumbuka magurudumu matatu na upepo. Jina limebaki, njia ya kuelekea kwa mwenyewe imefutika. Ndiyo sababu namshauri mama wa sabuni asihangaike kwanza na kujulikana. Ajiulize anataka kukumbukwa saa ngapi: mteja anapoona sinki limejaa vyombo vya jana, au anapoona kola ya shati la shule? Jina lililofungwa kwenye saa moja maalumu humfaa muuzaji kuliko jina linaloelea.

Ulimi si shahidi pekee

Tarehe 23 Aprili 1985 kampuni ya Coca-Cola, huko Marekani, ilitangaza kwamba imebadilisha ladha ya soda yake. Haikukurupuka. Ilikuwa imewaonjesha watu wapatao 200,000, na wengi walisema ladha mpya, tamu zaidi, ni bora. Watu hao hao wa Marekani wakafoka. Simu na barua zikamiminika, wengine wakaenda kununua makreti ya soda ya zamani na kuyaficha nyumbani. Siku ya 79, tarehe 11 Julai, ile ya zamani ikarudishwa.

Wapimaji hawakukosea hesabu. Walipima ulimi, na ulimi ulijibu kwa ukweli. Ulimi haukuweza kusema mtu angejisikiaje akiambiwa kwamba soda aliyoinywa na baba yake kwenye mechi za utotoni haipo tena. Onjo moja kwenye kikombe cha karatasi halina baba ndani yake. Kwetu huku, harufu ya Zambuk hufanya kazi hiyo hiyo: mtu mzima mwenye vyeo vyake akifungua kile kikopo huwa na umri wa miaka sita, kifua kinasuguliwa, na mama bado yuko hai. Jaribu kuuza dawa bora zaidi ya kusugua kifua kwa mtu huyo.

Ile ya kijani

Kuna jambo moja limebadilika, nami sijui bado litatupeleka wapi. Akili iliyojifunza alama moja huitumia pia kwa zinazofanana nayo. Wataalamu huita hali hiyo ujumlishaji: mbwa aliyezoea mlio mmoja hutoa mate hata kwa mlio wa karibu yake. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana bidhaa ngeni huvaa rangi za bidhaa mashuhuri, herufi zenye umbo lile lile, na jina linalokaribia kufanana. Kinga yetu ilikuwa utofautishaji, yaani kujifunza kwamba hii ndiyo na hii siyo. Tuliujenga kwa kutaja jina kwa sauti na kurudishwa tukikosea.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa dada yangu. Alimtumia Mangi orodha kwa WhatsApp, akalipa kwa simu, kisha akamwita binti yake wa miaka saba aende kuchukua mfuko. Nilimsindikiza. Hakuimba njiani. Mangi alimkabidhi mfuko uliofungwa fundo, naye akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, tukageuza.

"Umetumwa nini?" nikamwuliza.

"Sabuni."

"Sabuni gani?"

Akaunyanyua mfuko usawa wa macho ajaribu kuchungulia. "Ile ya kijani, mjomba."

Jikoni mama yake alifungua fundo, akaitoa ile sabuni, akaitazama upande mmoja, akaigeuza upande wa pili.

"Hii siyo."

"Lakini ni ya kijani," mtoto akasema.

"Rudisha."